Hodi Kutoka Ndani

Gari la baba tuliliita Kobe kwa sababu lilitembea na nyumba mgongoni, na kwa sababu halikuwahi kuwa na haraka na mtu. Mbele lilikuwa lori dogo la kawaida. Nyuma kulikuwa na chumba kizima: kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, kabati, na kiti kirefu cha mbao ambacho chini yake palikuwa na hita ya gesi ya kupasha chumba joto. Baba alikuwa fundi mizani. Alizunguka soko hadi soko akirekebisha mizani za wenye maduka, na kwa kuwa masoko yako mbali, na nyumba za wageni zina kunguni, akaamua nyumba iende naye.

Sasa baba amekufa, na Kobe amesimama uani kwa mama, magurudumu yamelala, paa linavuja. Na anabisha hodi. Nalisema hilo mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tumalizane.

Mimi ni fundi bodi. Natengeneza mabasi: nakunja bati, naunga fremu, nafunga viti. Mashetani siyaogopi, naogopa kutu. Kwa hiyo mama aliponipigia simu sikumpa hata nafasi ya kupumua.

"Njoo umtoe yule mtu wako," alisema. "Anagonga."

"Mtu wangu tumemzika, mama."

"Ninyi mmemzika. Mimi sikuwepo."

Kweli hakuwepo. Siku ya mazishi alikaa jikoni akichambua maharage, na majirani walipokuja kumpa pole aliwaambia wakampe Nati. Nati ndiye mimi. Baba alinibandika jina hilo kwa kuwa nilikuwa mdogo, mgumu, na nilipotea kila aliponihitaji. Zamani mama alimwita yeye "Baba Nati" kama mke yeyote anavyomwita mumewe. Baadaye akawa "yule mtu wako", kana kwamba ni mimi niliyemleta nyumbani.

"Ni bati hilo," nilimwambia. "Likipata jua linatanuka, likipoa linarudi. Linalia tu."

"Bati linajua kugonga mara mbili na kusubiri?"

Baba alikuwa na desturi moja. Kabla ya kufungua mlango wa Kobe aligonga ubavu kwa kifundo cha kidole, mara mbili, taratibu, kisha akasubiri. Ilianza alipozaliwa Kitinda, mdogo wangu wa mwisho, ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi na akishtuliwa na mlango alilia mpaka wauza nyanya wakahamisha meza zao. Ko, ko. Kitinda akajua ni baba, akaendelea kulala. Na Kitinda alipofariki, baba hakuacha. Miaka nenda miaka rudi aligonga gari tupu, akasubiri, ndipo akaingia. Mama alikuwa akimsikia kutoka dirisha la jikoni, na sijui mwanamke gani angevumilia.

Kitinda alifia ndani ya Kobe. Wazazi walikuwa wameegesha katika mji wa baridi, mimi nikiwa kwa shangazi kwa ajili ya shule. Mvua ilinyesha siku nzima. Mtoto alikuwa na kikohozi, mama akamlaza mchana, akamfunika vizuri, akaacha hita inawaka, akaenda kutafuta dawa. Alimpitia baba sokoni, wakarudi pamoja. Baba akagonga mara mbili kama kawaida yake.

Walioitwa kuchunguza walisema ni hewa ya hita. Moto ukikosa upepo wa kutosha hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Hita ile baba aliifunga kwa mikono yake. Watu wakamgeukia, naye akasema maneno matatu tu: "Kosa ni langu." Hakueleza ni kosa gani. Hakueleza siku ile wala siku nyingine yoyote.

Aliing'oa hita, akairudisha familia nyumbani, akahamia kuishi kwenye Kobe, uani, hatua chache kutoka kitanda cha mkewe. Alizeeka humo. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda paani kuziba maungio, akabadilisha raba za madirisha, akapiga rangi. Mama alichokiona ni mwanamume anayelibembeleza gari lililomuua mwanawe. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mama hakuwa hata na kovu. Kidonda chake kilikuwa bado wazi.

Nilifika kwake asubuhi, na ilibidi nisukume mlango kwa bega maana chini yake alikuwa amesokomeza kitambaa. Mama na upepo hawapatani. Kila upenyo wa nyumba yake una kitambaa, chini ya milango, pembeni mwa madirisha, hata tundu la ufunguo. Ukimwuliza atakwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha atakwambia ufunge mlango nyuma yako. Tumemtania kwa hilo tangu utoto.

Siku hiyo sikumtania. Alikuwa amekonda, vazi limemning'inia mabegani. Juu ya meza palikuwa na chakula kilichofunikwa ambacho kwa kukitazama tu nilijua ni cha jana. Jirani alikuwa ameshaninong'oneza getini kwamba mama halali tena, na kwamba kila alasiri anaweka kigoda chake dirishani na kusubiri mgongo wa Kobe uite.

Mimi nilikuja na mpango wangu. Gari la kukokota lingekuja, Kobe angepelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mama angepanda mboga pale. Nilimweleza nikijiona nina akili sana.

"Haliondoki," alisema.

"Mama, sakafu imeoza. Ukikanyaga mlangoni mguu unazama."

"Basi utalitengeneza. Lakini kabla hujalitengeneza, lifungue. Lote. Wewe ndiye fundi, na mkono wake unaujua. Nitafutie alipokosea."

"Ili iweje?"

"Alisema kosa ni lake. Kosa gani? Alinipa neno akaninyima maana yake, akafa nalo. Mtu anagonga kwa sababu ana la kusema, Nati. Litafute, uniambie, aache kugonga. Mimi nimechoka."

Niliangalia mikono yake juu ya meza. Nikaona kwamba nisipompa jibu nitarudi hapa karibuni kumzika na yeye. Nikaenda kuchukua vifaa.

Kobe alinipokea kwa harufu ya mbao zilizolowa. Mapazia yalikuwa yaleyale aliyoyashona mama kwa mkono wakati gari likiwa jipya kwetu, ya njano yenye maua madogo ya bluu, ila jua lilikuwa limeyala mpaka njano imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kitanda cha baba kilikuwa kimetandikwa. Sanduku lake la mawe ya mizani lilikuwa chini ya sinki, kila jiwe kwenye shimo lake.

Nilianza na paa, kwa sababu maji huanzia juu hata kama uozo unauona chini. Nilikwangua gundi ya zamani kwenye maungio, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka wa baba na tabaka lake. Kazi yake ilikuwa nzuri, na hilo lilinikera. Nilitaka kukuta uzembe. Nilitaka kiungo kilicholegea, bomba lililopinda, kitu cha kumwonyesha mama nikasema ni hiki. Badala yake kila skrubu niliyoifungua ilikuwa na mfereji wake umesimama wima. Hiyo ilikuwa kasumba ya baba: skrubu ikishakaza, mfereji wa kichwa chake lazima utazame juu na chini, zote sawasawa, hata zile ambazo hakuna atakayeziona. Alinifundisha hivyo kwa kunigonga vidole, na mpaka leo kwenye mabasi yangu nafanya vilevile na vijana wa karakana wananicheka.

Jambo moja tu lilinishangaza. Kobe alikuwa amejaa matundu ya hewa. Juu, chini, kando ya mlango, nyuma ya jiko, kila mahali baba alikuwa amekata tundu na kulifunika kwa wavu wa chuma, ndani na nje, umepigwa ribiti. Vumbi la barabara nzima lingeingia humo. Hata njiti ya kiberiti isingepenya kwenye wavu ule, na nilijiuliza alikuwa anamwogopa panya gani.

Mchana wa siku hiyo, nikiwa paani kwa magoti, nilisikia. Ko, ko. Kisha kimya, kile kimya cha mtu anayesubiri.

Nilicheka kwa sauti, ili mimi mwenyewe nisikie kwamba nimecheka. Nikateremka, nikaingia. Nikagusa mabati yote yanayopigwa na jua, nikayabonyeza kwa kiganja. Hakuna lililolegea. Nikakaa sakafuni kusikiliza, na likarudi, ko, ko, kutoka chini ya kile kiti kirefu. Jua halifiki pale. Nywele za mikononi zilinisimama na nilijitukana.

Kesho yake nilikifungua kiti. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ilipokaa hita zamani. Sakafu ya pale ilifunikwa kwa kipande cha zulia la plastiki. Nililibandua, na chini yake nikakuta kibati cha aluminiamu, cha ukubwa wa sinia, kimefungwa kwa skrubu kuzunguka kingo zote. Mifereji yote ilikuwa wima. Baba alikuwa amepiga magoti hapa.

Nikazitoa moja moja. Kibati kiliachia kwa shida kwa sababu ya gundi.

Chini yake kulikuwa na matundu. Yalikuwa yametobolewa safi kwenye sakafu, kwa mstari, mahali hasa ambapo fundi mwenye akili angetoboa ili hita ivute hewa kutoka chini ya gari. Baba aliyaweka. Tangu mwanzo aliyaweka.

Na kila tundu lilikuwa limesokomezwa kitambaa.

Kilikuwa cha njano, chenye maua madogo ya bluu. Humu gizani jua halikukigusa. Kilikuwa kinang'aa kama siku kilipokatwa. Sikuhitaji kuinua macho kwenye mapazia lakini niliyainua. Vilikuwa vipande vilivyobaki, vimesokotwa kwa ule mkono ninaoujua, ule uliosokomeza mlango niliousukuma kwa bega. Mtoto anakohoa, upepo wa baridi unatoka chini ya kiti, mama anainama, anaupata ufa, anauziba. Hata kukumbuka asingekumbuka. Angekumbuka vipi? Ameziba nyufa elfu maishani mwake.

Vipande vile vilikuwa vimekatwa kwa kisu usawa wa sakafu, ili kibati kilale vizuri juu yake. Hapo ndipo nilipokaa chini kabisa. Baba aliviona. Siku aliyoing'oa hita aliviona, akaelewa, na akawa na njia nyingi za kufanya. Angeweza kuvichomoa na kuvitupa shimoni. Angeweza kumwita mkewe aje atazame. Hakuweza moja wala nyingine, basi akavifunika, akakaza skrubu, akanyoosha mifereji yake, akahama nyumbani akalala kwenye gari miaka yote ile huku mwanamke aliyempenda akimwita yule mtu. Kisha akamtoboa Kobe kila mahali, na juu ya kila tundu akapiga wavu ambao hakuna kitambaa kingepenya. Panya wangu nikamjua.

Nililia, sitaficha. Kisha nikakasirika, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Nilimkasirikia baba. Ungemwambia tu, mzee. Siku unatoboa ungesema, mke wangu, matundu haya ni ya hita, usiyaguse. Kauli moja. Fundi huyo! Alijua uzito wa kila kitu sokoni na hakujua uzito wa kauli moja nyumbani kwake. Nikiwa katikati ya kumgombeza nikaelewa kwamba hilo alilijua kuliko mimi, na kwamba aliposema kosa ni langu hakuwa anadanganya hata kidogo.

Kivuli kikaziba mlango. Mama alikuwa amesimama nje, ameshika fremu. Hajawahi kukanyaga ndani tangu siku ile, na hata sasa miguu yake ilibaki kwenye majani.

"Umekaa chini," alisema. "Umekipata."

Kiti kilikuwa kati yetu. Pale aliposimama asingeweza kuona sakafu, lakini hatua moja tu ndani angeona. Niliweka kiganja changu juu ya matundu. Nilihisi kitambaa, laini.

Nitasema nilichofikiria, maana watu hudhani katika saa kama ile mtu huwa na busara. Nilifikiri: ana haki ya kujua, ameomba mwenyewe, na ukweli haugombani na mtu. Nilifikiri pia: ukweli huu utamla mama huyu kabla ya Ijumaa. Na nilifikiri juu ya mwanamume aliyelala hatua chache kutoka kitandani kwake, amenyimwa hata salamu, ili mkono wangu huu usije ukainuka kutoka hapa. Nani alinipa mimi ruhusa ya kuivunja kazi yake?

"Hita ilikosa hewa," nilisema. "Hewa haikuwa na pa kuingilia."

Mama alisubiri. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na sikuwa na kweli nyingine ya kuongeza.

"Kumbe hakuacha pa kuingilia hewa," alisema polepole. "Fundi mzima. Akasahau."

Nikanyamaza. Ukimya wangu aliuchukua kuwa ndiyo, na mimi nilimwacha auchukue.

"Matundu yote hayo aliyoyatoboa baadaye," alisema, akitazama nyavu ukutani. "Nilikuwa nikimsikia na keke yake, nikasema huyu ana wazimu. Kumbe alikuwa anatoboa alichosahau." Alijifuta uso kwa upande wa mkono. "Kusahau tu. Mimi nilidhani ni ubahili, au alikuwa amelewa, au alijua akapuuza. Nimemfikiria mabaya yote ya dunia, Nati. Na alisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli."

"Ndiyo, mama."

"Nani asiyesahau?"

Aliondoka mlangoni, nikasikia miguu yake ikizunguka gari kwenye majani. Nikafanya haraka. Nikakirudisha kibati juu ya matundu, nikapanga skrubu, nikakaza. Jasho lilinidondokea machoni. Kila niliyokaza niliinyoosha mfereji, juu na chini, bila hata kufikiri, na nilipoona hivyo bisibisi ikateleza. Ilibaki skrubu moja.

Miguu ilisimama upande wa pili wa ukuta, karibu na kichwa changu. Nilikuwa nikimsikia mama anavyohema nje ya bati.

Akagonga. Ko, ko. Taratibu, kwa kifundo cha kidole. Sikujua kwamba anaijua hodi ile ya baba vizuri hivyo.

"Baba Nati," alisema.

Sikuwa nimelisikia jina hilo mdomoni mwake tangu nikiwa na meno ya utoto. Alilisema kwa shida kidogo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Baba Nati, nimekusamehe. Umesikia? Ulisahau tu. Nimekusamehe. Kitinda pia amekusamehe, najua. Pumzika sasa."

Kisha akasubiri. Nilielewa anachosubiri. Alitaka ajibiwe. Alikuwa mama yangu, amesimama kwenye majani yenye umande, amemsamehe mtu mwingine kosa alilolitenda yeye mwenyewe, na alikuwa anasubiri ajibiwe. Nje kulikuwa na mawingu na baridi, na bati lote la Kobe lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Hakuna jua ambalo lingefanya kazi hiyo kwa niaba yangu. Basi nikasema moyoni, umeshamwacha aamini moja, mmalizie. Nikakunja ngumi, nikanyoosha kifundo, nikainua mkono kuelekea ukutani.

Kabla sijagusa, kibati kikagonga chini ya goti langu. Ko, ko.

"Asante," mama alisema huko nje, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikasikia miguu yake inarudi nyumbani, na muda mfupi baadaye sufuria zinagongana jikoni. Alikuwa anapasha chakula.

Mimi nilibaki pale na ngumi yangu hewani. Skrubu ya mwisho ilikuwa kwenye kiganja kingine. Nilisubiri mpaka nikawa na uhakika kwamba hakuna mwingine anayetaka kusema, kisha nikaiweka kwenye shimo lake, nikaikaza, nikaunyoosha mfereji.